Mkwe wa Gatini

Bi Lai aliuchomeka uzi mwekundu ndani ya mkoba wa binti yake, akafunga zipu, kisha akajifanya anatazama mto.

Uzi huo alipewa asubuhi hekaluni kwa mungu wa ndoa, baada ya kupiga magoti mpaka yakalia. Ukiutunza mkobani, mchumba hachelewi. I-chin, mwenye miaka arobaini na moja, alikuwa ameapa hakanyagi hekalu hilo. Mwezi ujao angehamia Kaohsiung kikazi, na Bi Lai, aliyekuwa mjane, alikosa usingizi kila alipomwaza bintiye akila peke yake.

Gati la Dadaocheng, ambako babu yake Bi Lai aliumia mgongo akipakia masanduku ya chai, sasa lilikuwa limejaa makontena ya rangi mbalimbali yanayouza bia kwa bei ya wizi. Bi Lai alilisema vibaya wiki nzima. Jumamosi ikifika, alimburuta I-chin huko kwa Bwana Gau, mgane anayekaanga ngisi. Mvi zilishamwingia, ila kwa umri wa I-chin, nani wa kuchagua?

"Dada Lai! Leo umependeza," alisema Gau, akiwaongezea ngisi wa bure.

"Dada?" Bi Lai alimnong'oneza bintiye. "Mkwe gani huyu, hajui kuniita mama? Basi, tutamfunza."

"Kula, mama."

"Na wewe changamka! Umenuna kama unasubiri kung'olewa jino."

Akamgeukia Gau, akampigia debe I-chin: anapika, hana makuu, wala hakoromi. Gau alicheka mpaka ngisi wakaanza kuungua.

Jua lilipokuwa linazama, watu wote wakainua simu zao kulipiga picha. Gau alivua aproni, akatoka kwenye kontena, akainama mbele ya I-chin.

"Naomba ruhusa yako," alisema.

"Ruhusa ya nini tena?" Bi Lai alidakia kwa furaha. "Mimi nimeshakubali!"

"Asante sana, Dada Lai," alisema Gau, akaushika mkono wa Bi Lai kwa mikono yake miwili.

"Ruhusa nimetoa," alisema I-chin, akiendelea kutafuna ngisi. "Mama, funga mdomo, inzi wataingia."

Jasho lilimtoka Bi Lai. Kwa mkono uliobaki alipekua mkoba wake akitafuta leso. Chini kabisa, kwenye pembe, alikuta uzi mwekundu wa hekaluni ambao hakuutia yeye, umeshaanza kupauka.