Mwanzi Kinywani

Yalibaki mapigo manane ifike zamu yangu ya kupiga peke yangu, nikainua klarineti na kukuta haina mwanzi. Mwanzi wenyewe, ule ubapa mwembamba unaotoa sauti, ulikuwa bado kinywani mwangu. Nilikuwa nimeuweka humo ulainike kwa mate, kama tunavyofanya wapulizaji wote, halafu nikasahau kuufunga.

Sikushtuka. Wimbo huo nilikuwa nimeupiga katika kila hoteli kutoka Boston hadi Denver.

Nyuma yangu Milt Karpel, mpiga saksafoni wa tatu wa bendi yangu, aliona. Alinyakua klarineti yake, akaanza pale pale nilipopaswa kuanza. Aliniiga mimi, noti kwa noti, kama ninavyosikika kwenye santuri. Mimi nilichezesha vidole tu.

Wacheza dansi walisimama wakapiga makofi, macho yote kwangu.

"Nisamehe, bosi," Milt alininong'oneza. "Ilibidi."

Niliitikia kwa kichwa. Mwanzi ulikuwa na ladha ya kuni mbichi.

Wakati wa mapumziko ya chai, msichana mmoja aliniletea picha yangu niitie sahihi.

"Leo umetuweza, bwana. Umepiga vilevile kama kwenye santuri."

Nilichukua kalamu yake, nikaandika polepole: Milt Karpel.

Alisoma, akacheka. "Acha utani. Andika jina lako."

Niliutoa mwanzi kinywani, nikamwekea kiganjani, nikaenda kutafuta koti langu.