Chumba cha Wifi

Bogna alikuwa amelala kifudifudi katika chumba cha wageni, mkono umezama nyuma ya rejeta ya kupashia chumba joto. Ilikuwa baridi kama maiti. Theluji ya Lublin ilikuwa imejaa dirishani, na wifi yake yuko njiani. Yule ambaye kila mwaka huondoka siku ya pili, akautangazie mji mzima kwamba Bogna hajui kutunza mgeni.

Vidole vikagusa koki. Ilikuwa imefungwa kabisa, inateleza kwa grisi mpya. Akaizungusha. Maji yakaguguma, chuma kikaanza kupata moto.

"Baba watoto! Kumbe mabomba hayajaoza kama unavyosema, ni koki tu!"

Mumewe akaja mbio, uso umempauka. "Umefungua?"

"Ndiyo... Ala! Kumbe ni wewe! Miaka tisa natukanwa mimi!"

"Mke wangu, humjui dada. Kwa mama palikuwa na joto. Alikuja Krismasi, akaondoka Pasaka."

Kengele ikalia. "Fungueni jamani!" wifi akaita toka nje. "Safari hii nimekuja na paka wangu wote!"

Bogna akarudi sakafuni, akapenyeza mkono.

"Mcheleweshe mlangoni," akanong'ona.