Lango la Mungu Mwenye Wivu

Taulo zilikuwa mbili. Nobue alizikuta ndani ya begi la mumewe, bado mbichi, zote zina jina la nyumba ya wageni ya pwani ya Kii, kule milima inakoshukia baharini. Na Tetsuji alikuwa ameaga kwamba anakwenda kuvua samaki peke yake.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Safari ijayo na mimi nakuja, nikatembee." Kisha akamwomba shoga yake Chizu afuatane nao.

"Utakuwa macho yangu, shoga. Kuna mwanamke huko, nataka nimjue."

"Mh! Na ukishamjua?"

"Nabeba nguo zangu narudi kwa mama. Nimempikia yule bwana mpaka nimeota mvi. Anifanye mjinga? Thubutu!"

Chizu alijikuna shingo, akakubali. Alikuwa mtu wa hofu huyo. Mkoba umejaa hirizi za kila hekalu, kucha hazikati usiku, na gari la maiti likipita hukunja vidole gumba akavificha. Sura yake haikuwa ya kumtia mwanamke mwenzake wivu. Tena yeye na Tetsuji walikuwa paka na panya tangu siku ya harusi. Ndani ya treni walibishana mpaka abiria wakageuka.

Mwenye nyumba ya wageni alikuwa mjane aitwaye Orie, mwembamba, sauti asali. Nobue alipomwona akasema moyoni: ndiye huyu!

Wakati wa chakula alimkazia macho asipepese. Orie alimmiminia Tetsuji pombe ya mchele huku ameinamisha uso, na mke asiyeliona hilo labda awe kipofu. Kisha akapitisha sahani: kamba kwa Tetsuji, kamba kwa Nobue, na kwa Chizu, ambaye kamba humvimbisha midomo, akaweka tofu ya soya. Nobue alitafuna kamba wake kama anatafuna mtu.

Asubuhi Orie akajitolea kuwatembeza. Waliangalia ghuba na miamba yake, wakapiga picha, wakala machungwa, halafu wakashika njia ya mlimani kwenda kwenye hekalu. Chini ya ngazi palikuwa na kibanda cha chai cha Bibi Toku, kikongwe mcheshi aliyeuza pia samaki wakavu wenye sura mbaya, miiba mpaka mdomoni.

"Mungu wa mlima huu ni mwanamke," Bibi Toku aliwaambia. "Sura hana, wivu anao. Mpelekeeni samaki mbaya kuliko yeye, afurahi."

"Samaki wa nini?" Tetsuji akamnyooshea Chizu kidevu. "Si tunaye huyu?"

"Jitazame kwanza kwenye birika, baba!" Chizu akamrudishia.

Bibi Toku alicheka hadi akakohoa. "Lakini sikilizeni. Mtu na jirani yake, mtu na nduguye, piteni lango la hekalu pamoja, hana neno. Mtu na mpenzi wake, hapana. Mmoja aingie, atoke, ndipo mwenzake aingie. Wakipita pamoja, mama wa mlima anawatenganisha kabla mwaka haujaisha."

"Na wasiooana?" Nobue akauliza. "Wanaojificha?"

"Hao ndio anaowapenda hasa, mwanangu. Hawamponyoki."

Hapo Nobue akapata wazo. Akajishika goti. "Uwii, ngazi zile siziwezi. Nendeni nyinyi watatu."

"Basi mimi nibaki nawe," Chizu alisema upesi.

"Nenda bwana!" Akamvuta sikio karibu. "Macho yangu, umesahau?"

Chizu akaenda, hatua nzito, kofia yake ya manjano ikipanda nyuma ya wenzake. Nobue akabaki na koti la Tetsuji mapajani.

"Bibi, lango linaonekana kutoka hapa?"

"Kwenye dirisha la nyuma, vizuri kabisa."

Akahamia dirishani. Leo ni leo. Wakiogopa kupita pamoja, hana la kumwuliza mtu tena, jioni yuko kwenye treni.

Tetsuji na Orie walifika langoni. Wakainama. Wakapita bega kwa bega, wanacheka.

Loo! Nobue alishusha pumzi aliyoibeba tangu siku ya zile taulo. Machozi yakamtoka, na kicheko juu yake. Mjinga mimi, nimemsingizia mume wangu, nimemsingizia na mjane wa watu! Akakunja lile koti vizuri, akalipapasa kola. Akaagiza chai na maandazi ya mchele ya watu wanne, wakishuka wakute tayari. Akatamani amwone Chizu hata sasa hivi, ampe habari njema.

Akaitafuta kofia ya manjano. Ilikuwa bado nje ya lango.

Tetsuji alikuwa amegeuka, anamwita kwa mkono. Chizu akatikisa kichwa. Tetsuji akarudi hadi kizingitini, na Chizu akaruka nyuma, akampungia aende, aende zake. Tetsuji akasimama kidogo, akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani. Chizu akangoja peke yake, vidole gumba amevificha ndani ya viganja. Tetsuji alipotoka ndipo akavua kofia, akampita bila kumtazama, akaingia.

Bibi Toku alileta chai, akachungulia dirishani juu ya bega la Nobue.

"Ona wale walivyofunzwa adabu. Mume ametoka, ndipo mke anaingia." Akaweka vikombe mezani, kimoja kimoja. "Nisamehe, mwanangu. Mimi nilidhani mke ni wewe."