Mkono Ndani ya Pembe

Kila Ijumaa alasiri wapenzi wa muziki wa zamani walijaa sebuleni kwa Sudi kusikiliza spika zake mbili, ndefu kuliko mlango. Juu ya kila moja palikaa pembe ya chuma yenye mdomo mpana kama beseni, ya kutolea sauti nyembamba tu.

Leo Sudi aliweka santuri, akateremsha sindano, akangojea fidla. Ngoma alizisikia. Fidla haikuja.

Akamtazama mkewe, Mize. Mize alikuwa amefumba macho, anatabasamu.

“Sikia fidla hiyo!” alisema rafiki yake Chande. “Hivi vispika vya siku hizi vitaipatia wapi?”

“Wapi!” Sudi aliitikia, akitikisa kichwa kama anayeisikia.

Pengine pembe zimeungua na wanamstahi tu. Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini, aliziombea ziwe zimekufa, yasiwe masikio yake. Akainuka, akajifanya anafuta vumbi, akapenyeza mkono ndani ya pembe mpaka kooni.

Chuma kilikuwa kinatetemeka. Kikatulia kidogo, pale pale ambapo mpiga fidla hupumzisha upinde, kisha kikaanza tena.

Sudi hakuutoa mkono.