Buku Avuka na Watoto Mashavuni

Buku, panya bahili, alikuwa akienda ukweni ng'ambo ya mto na familia yake. Walipofika ukingoni kwa Kiboko, mvushaji wa abiria, aliwafutika wanawe sita mashavuni ili wasilipiwe nauli.

"Baba Tunu, si umuulize Kiboko bei kwanza?" mkewe alisema.

Buku, kinywa kimejaa, akatikisa kichwa. Akalipa nauli ya wawili kwa karanga za zawadi ya mama mkwe. Kiboko akazitafuna zote, akawavusha.

Ng'ambo watoto wakamtoka kinywani wakikohoa.

"Ala! Kumbe mna watoto?" Kiboko alishangaa. "Wenye watoto mimi huwavusha bure."

Buku akamgeukia mkewe. "Mbona hukuuliza wewe?"

"Haya," mkewe alifoka, "mama akiulizia karanga zake, utamjibu wewe. Mdomo sasa una nafasi."