Visanduku Vinne vya Fundi Saa

Kisanduku cha nne kilirudi Jumatatu, kimefungwa kwenye gazeti kama zawadi, na Mkuu wa kituo cha hali ya hewa hakucheka.

"Nisikilize, Dada Puto," alisema. "Mara moja ni bahati. Mara mbili, haya, tuseme sadfa. Mara nne uani kwa fundi saa yuleyule? Ama mtambo wetu unasema uongo, ama muongo ni wewe."

Dada Puto aliinama asionekane anatabasamu. Alijua kibarua kinataka kuota nyasi, lakini akisikia tu neno "fundi saa", moyo wake uliruka kichurachura.

Kazi yake ilikuwa kurusha puto kila mchana. Chini yake kilining'inia kisanduku cha vipimo, kimebandikwa karatasi: *Ukikiokota, tafadhali kirudishe.* Waliookota wengi waliwapa watoto wakachezea. Fundi saa alikileta cha kwanza mwenyewe, amekipangusa vumbi, akasema kimeanguka uani kwake, kando ya banda la kuku. Kisha akauliza, "Hivi, huko juu kukoje?"

Hakuna mwanamume aliyewahi kumuuliza hivyo. Dada Puto akamimina yote. Akamweleza tabaka la chini, hili letu lenye mawingu na mvua na fujo zote, ambamo kadiri unavyopanda ndivyo baridi inavyozidi, hadi nyuzi themanini chini ya sifuri. Kisha unavuka mpaka, unaingia tabaka la pili, na mambo yanageuka juu chini: ukipanda, joto linaongezeka, kwa sababu huko kuna ozoni inayofyonza miale ya jua. Mvua hainyeshi, radi haipigi. Puto linafura, linafura, linakuwa kubwa kama chumba, halafu paa! Kisanduku kinashuka na mwavuli wake, pole pole.

"Paa!" fundi akarudia, na wote wawili wakacheka hadi mlinzi akaja kuchungulia kuna nini.

Tangu siku hiyo, puto likiruka tu, simu inalia. "Leo upepo wa juu unaelekea wapi?"

Dada Puto anapiga hesabu, anamwambia: leo vilimani. Leo machimboni. Leo kwenye miwa. Mwanafunzi mwenye bidii namna ile hakuwahi kumpata. Aibu ni kwamba mwalimu alikosea kila mara. Ishara za kisanduku hupotea kikishuka nyuma ya vilima, na pa kuangukia hukisiwa kwa hesabu tu, naye akisie vipi, fundi anatokea baada ya siku mbili tatu: "Kimeanguka kwangu tena!"

"Mwanangu, acha hesabu," shangazi yake alimwambia huku akipiga vigelegele jikoni peke yake. "Mbingu zenyewe zimekuja kuposa."

Mkuu hakuamini mambo ya kuposa. "Tangu Ijumaa upepo wa tabaka la juu umegeuka, unapeleka kila kitu ziwani. Na kisanduku cha Ijumaa nacho kitaanguka kwa kuku? Kesho tunakwenda huko uani. Visanduku vikiwa vimeanguka kweli, vipimo vyako vyote vya mwezi mzima ni takataka. Kama havikuanguka, umeshirikiana na mtu kunidanganya. Vyovyote vile, puto hulirushi tena."

Usiku ule Dada Puto alipitia hesabu zake mara tatu. Hakuona kosa. Alikumbuka tu alivyomwambia fundi Ijumaa kwenye simu, "Leo ziwani."

"Ziwani ziwani?" fundi aliuliza. "Katikati?"

"Katikati."

Akashusha pumzi ndefu. "Haya."

Asubuhi alivaa gauni lake la maua, akajiambia kwamba kama ni kufukuzwa, afukuzwe amependeza. Walikuta duka la saa limefungwa. Nyuma yake palikuwa na kiua kidogo kama mkeka, kuku watatu, na mama mtu mzima aliyekuwa akianua nguo.

"Shikamoo, mama," Dada Puto alisema. "Sisi ni wa kituo cha hali ya hewa. Tumekuja kuona vilipoangukia vile visanduku."

"Marahaba. Vilipoangukia hapa?" Mama alimtazama kuanzia gauni hadi viatu, akaanza kucheka, akacheka hadi akakalia beseni la nguo. "Kumbe ndiye wewe! Hapa kilianguka cha kwanza tu, mwanangu. Cha pili kijana wangu alilala vilimani siku mbili akikitafuta. Cha tatu alishushwa machimboni kwa kamba. Cha miwa hicho, suruali yake ndiyo hii, itazame ilivyoraruka."

Mkuu alivua kofia. "Na yeye mwenyewe yuko wapi?"

"Anashinda ziwani tangu Ijumaa," mama alisema. "Anajifunza kuogelea."