Bangili ya Bi Shamsa

Katika mtaa wa Bi Shamsa, kila nyumba ilipata maji kwa kadiri ya msisimko wa mtazamaji wake. Kila Ijumaa mchana, mtu mmoja wa kila nyumba alivaa bangili ya kupima mapigo ya moyo, akaingia ukumbini kutazama filamu ile ile ya ulimwengu ulioangamia.

"Leo usisinzie, bibie," jirani yake Mwanakombo alimtania. "Wajukuu wako wananuka mpaka kwangu."

"Nitajitahidi. Lakini yule jemadari wa filamu nimemwona akifa mara thelathini, mwenzangu."

Zamani filamu ile ilimtoa jasho: malori ya chuma yakifukuzana jangwani, madaraja yakiporomoka, ukumbi mzima ukishikilia viti. Sasa aliitazama kwa macho mazito, kama mtu anayengoja maharage yaive.

Kisha, nyuma ya mapigano, aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona: mwanamke akimwogesha mtoto, akimmwagia maji kata baada ya kata, bila kuyapima. Moyo wa Bi Shamsa ulikwenda mbio. Bangili ikalia.

Jioni ile ndoo zote zilijaa, na wajukuu wakaoga wakicheka.

Ijumaa iliyofuata alikaa safu ya mbele, akiingojea sehemu ile. Malori yalipita, daraja likaporomoka. Mahali pa yule mwanamke sasa palikuwa na moto.

"Wameongeza milipuko," Mwanakombo alinong'ona, bangili yake ikilia.

Bi Shamsa alifumba macho. Aliwawaza wajukuu wakiinama chini ya bomba kavu, midomo wazi, akaendelea kuwawaza hivyo mpaka bangili yake nayo ikalia.